Mumiani na Damu ya Undugu

Watoto wengi wa Pwani wamekua wakikanywa kwamba giza likiingia wasizurure ovyo, mumiani atawachukua. Mumiani hana pembe wala mkia. Ni binadamu anayekamata watu, akawanyonya damu na kwenda kuiuza. Enzi za ukoloni, Nairobi na Kampala, kazi hiyo walisingiziwa wazimamoto: ilisemwa kwamba ndani ya kituo chao kuna shimo la kuwatia waliokamatwa.

Kwa nini damu? Jibu naliona katika undugu wa kuchanjia. Waganda wawili walioamua kuwa ndugu waligawana tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina buni mbili. Kila mmoja alichanjwa tumboni, akaipaka buni damu yake, akampa mwenzake ale. Tangu hapo nyumba ya huyu ilikuwa ya yule, na kumsaliti nduguyo kulikuwa kujiletea balaa. Damu ilitolewa kwa hiari, na aliyetoa alipokea papo hapo. Mumiani huchukua kwa nguvu, usiku, na harudishi kitu.

Ndiyo maana hadithi zilimwandama mtu wa peke yake: kibarua mgeni wa mji, mwanamke aliyepanga chumba mbali na kwao, mlevi anayerudi usiku wa manane. Mwenye jamaa karibu angeulizwa aliko kabla jua halijapanda. Wakoloni waliuita uvumi huo ushirikina. Mimi nasikia humo hofu ya watu waliotengwa na koo zao na ajira za mjini, wasijue nani angewatafuta wakipotea.

Serbia, ambako pia waliogopwa wanyonya damu, aliyeogopwa alikuwa mwenyeji. Mwaka 1725, wanakijiji wa Kisiljevo walimfukua Petar Blagojević, mwenzao, wakiamini ametoka kaburini kuwaua majirani zake. Kwetu anayeogopwa ni mgeni, asiye na mjomba wala shangazi kijijini.

Na hofu hiyo huua. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili na dereva wao waliokwenda kuchukua sampuli za udongo waliuawa na gari lao kuchomwa moto, kwa kudhaniwa ni mumiani. Inaniuma kwamba swali letu la kila siku, "wewe ni wa nani, umetoka wapi?", ambalo ndilo mlango wa undugu, halikuwaokoa.