Madokezo ya Kazi Yaliyopanda Mlima: Kinole na Biashara ya Kumbukumbu

Biashara ya viungo na matunda ya Uluguru ya mashariki, kuanzia Kiroka na Mkuyuni hata Kinole na Tegetero juu yake, haikupata kwenda bila ya maandishi, kwa kuwa gunia la pilipili manga hupita mikononi mwa mkulima, mkusanyaji, karani wa ghala na mnunuzi wa mjini au wa ng'ambo kabla fedha hazijarudi mlimani, na kila mkono hudai ithibati ya mkono uliotangulia. Lililogeuka ni mahali pa kuandikia. Daftari gumu lenye karatasi ya kaboni, ambalo karani alilifunga kwa mpira na kulilaza chini ya mizani, sasa lina mshindani: programu za kusimamia kazi za pamoja, ambamo mtu mmoja huandika dokezo katika simu yake na wenzake wote wa kazi, walio ghalani, garini na ofisini Dar es Salaam, wakalisoma papo hapo, wakaliongeza, na wakipenda wakalibadilisha.

Wanunuzi hawakuzipokea programu hizi kwa mapenzi ya mambo mapya peke yake. Anayeuza viungo vya kilimo hai Ulaya hulazimika kuonyesha asili ya bidhaa yake, na kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/848, iliyoanza kutumika mwaka 2022, inataka wakulima wanaothibitishwa kwa pamoja wawe katika kikundi chenye hadhi ya kisheria, kisichozidi wanachama 2,000, chenye mfumo wa ukaguzi wa ndani na kumbukumbu za kila shamba. Mkaguzi wa ndani ambaye zamani alirudi na fomu zilizoloa mvua sasa hupiga picha ya shamba, akaandika mistari miwili mitatu, na habari ikafika mezani kwa mkubwa wake siku ile ile. Katika vanila faida hii ni dhahiri zaidi. Ua lake huchanua asubuhi na kunyauka siku hiyo hiyo, huchavushwa kwa mkono, na tunda lake hukaa takriban miezi 9 ndipo likomae. Basi mwenye dokezo la tarehe ya kuchavusha anajua lini avune, na asiye nalo huvuna kwa hofu ya wezi.

Hata hivyo, anayetaka kujua upande wa pili wa jambo hili na aketi na wakusanyaji. Mmoja wao, mtu wa makamo aliyeingia katika tijara ya pilipili manga kabla simu haijapanda mlima, ana manung'uniko ambayo wenzake huyarudia kwa maneno yanayokaribiana sana. Anasema kwamba hupeleka magunia ghalani, karani huyapima mbele ya macho yake, huandika kilo, kijiji na namba ya mkulima katika programu, humwonyesha kioo cha simu, na yeye huridhika na kwenda kuwalipa wakulima taslimu kwa hesabu ile aliyoiona. Mzigo ukifika mjini hupimwa tena, huonekana una unyevu, na mtu asiyemjua hulifungua dokezo lile lile na kupunguza kilo. Malipo huja kwa simu yakiwa pungufu. Akiuliza, huambiwa kwamba mfumo ndio unaosema hivyo.

Si kwamba mkusanyaji huyu anakataa kukatwa. Anakiri kwamba pilipili mbichi, ambayo kilo 3 zake hutoa kwa makadirio kilo 1 ya kavu, huletwa mara nyingine ikiwa haikuanikwa ipasavyo, na kwamba miongoni mwa wakulima wake wamo wanaoona siku moja zaidi ya jua kuwa ni hasara ya uzito. Anachokikataa ni kwamba masahihisho yalikula asili yake. Kwa daftari la kaboni, nakala ilibaki mfukoni mwake na sahihi ya karani chini yake, na aliyetaka kupunguza alilazimika kuandika mstari wa pili, akaeleza sababu. Sasa mstari ni mmoja, nao ni wa yule aliyeandika mwisho.

Wauzaji wa programu, wakielezwa hayo, hujibu kwamba historia ya mabadiliko huhifadhiwa, na kwamba yeyote mwenye idhini anaweza kuona nani alibadilisha nini na saa ngapi. Jibu hilo ni sahihi kwa vitabu vyao, illa linapuuza namna kazi ifanyikavyo. Ada ya programu nyingi za aina hii hutozwa kwa kila mtumiaji, kila mwezi, kwa fedha za kigeni na kwa kadi ya benki. Mnunuzi wa kadiri hulipia akaunti moja, makarani watatu wakaitumia kwa nywila moja, na historia ikaonyesha jina lile lile limeandika kilo nyingi asubuhi na kilo chache jioni. Fauka ya hayo, mabondeni mtandao hukatika. Simu mbili huandika katika dokezo moja zikiwa hazina mawasiliano, na zinapopata mnara, katika baadhi ya programu lililofika mwisho hulifuta la kwanza pasipo taarifa. Mkusanyaji mwenyewe, ambaye fedha zake ndizo zilizo hatarini, aghalabu hana akaunti kabisa.

Serikalini mambo husimuliwa kwa uchangamfu zaidi. Afisa mmoja anayeshughulikia ushirika anasema kwamba vyama vya msingi vya mkoa wa Morogoro karibu vyote vimekwisha ingizwa katika mfumo wa kielektroniki, na kwamba zama za hesabu za gizani zimepita. Huenda ikawa kweli. Lakini kuingizwa ni jambo moja na kutumika ni jingine, na afisa huyo, alipoulizwa ni vyama vingapi vinavyoandika mapokezi ya kila siku humo, alijibu kwa kueleza habari za mafunzo. Watu wa milima hii wamekwisha pokea maagizo mengi ya maandishi yaliyopangwa mbali nao, na mradi wa matuta wa wakoloni, uliozua ghasia mwaka 1955, bado husimuliwa. Haistaajabishi wakitaka kwanza kuona ndipo wasadiki.

Katika matunda programu hazijashika mizizi. Ndizi huuzwa kwa mkungu, na mikungu hailingani, ilhali nafasi ya kujaza katika programu hudai kilo. Karani hukisia, na makisio hayo yakifika mjini huwa yamevaa joho la takwimu. Wachuuzi wanaoshusha mzigo Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro, lililopewa jina la watawala wa kale wa Kinole kwenyewe, wamejitengenezea njia yao: huandika daftarini kama babu zao, kisha hupiga picha ya ukurasa na kuutuma katika kundi la WhatsApp la wabia. Ni njia ya kimaskini, haijumlishi wala haitafuti, na simu ikipotea huenda ikapotea na kumbukumbu. Lakini picha iliyokwisha kuwafikia watu kumi haibadilishwi na mmoja kwa siri. Kwa maoni yangu, hao wamefahamu jambo ambalo programu za thamani zimelisahau.

Sheria ipo upande wa mnyonge, walau katika karatasi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za aina hii kuwa ushahidi, na katika kupima uzito wake mahakama hutazama jinsi zilivyotunzwa na jinsi mwandishi wake alivyotambulishwa, sharti ambalo akaunti moja ya makarani watatu haiwezi kulitimiza kwa urahisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake na kuomba zisahihishwe. Mkulima ambaye jina lake, namba yake ya simu na mipaka ya shamba lake vimo katika madokezo ya mnunuzi ana haki hiyo, ingawa mkusanyaji wetu hakuwa amepata kuisikia.

Inaelekea programu zitaendelea kuenea katika viungo, kwa sababu anayelipa ng'ambo anazitaka, na huenda bei ya ada ikashuka au wakatokea mafundi wa nchini wenye kutoza kwa shilingi. Katika matunda sioni dalili ya karibu. Kama kuenea huko kutampa mkusanyaji chochote, hilo halijulikani, na ahadi za wauzaji si dhamana. Kwa wakati huu, mwenye mzigo asiondoke kwenye mizani kabla ya kutumiwa nakala ya dokezo katika simu yake mwenyewe, yenye tarehe, kilo na jina la karani. Na kama karani hawezi kuituma, basi na aandike katika karatasi na kutia sahihi.