Je, Wajua? Shujaa wa Kubuni Hutunza Ahadi Tulizoziacha

Mtoto wa Kirumba, jijini Mwanza, anaweza kushinda Mwaloni, kwenye soko la samaki na dagaa, akiwa amevaa fulana ya mtumba yenye picha ya Captain America, na usiku bibi yake akamsimulia habari za Masala Kulangwa. Hakuna hata mmoja kati ya mashujaa hao aliyepata kuishi. Hata hivyo, kila mmoja amebeba jambo ambalo watu wake waliwahi kuahidiana, kisha wakalegea. Yafuatayo yatakuonyesha jinsi shujaa wa kubuni anavyoweza kutunza maadili ya jamii nzima.

Je, wajua kwamba shujaa mkubwa wa Usukuma aliiokoa nchi yote, kisha akadaiwa sikio?

Zimwi Shing'weng'we alimeza watu na mifugo yao wote. Alinusurika mwanamke mmoja mjamzito aliyekuwa amejificha, naye akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili aliuliza: wenzetu wako wapi? Akaanza kuwinda. Aliua panzi, akamuuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we. Akaua ndege, akauliza tena. Aliendelea kupambana na wakubwa zaidi hadi akamuua zimwi mwenyewe, akampasua tumbo, watu na ng'ombe wakatoka wakiwa hai.

Wengi huishia hapo, lakini hadithi bado haijaisha. Wakati wa kupasua, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Bibi alikasirika, akataka kumdhuru. Masala hakumwambia, “Nimekuokoa, unalalamikia sikio?” Alitafuta dawa, akamponya. Ndipo watu wakamfanya mtemi. Wazee waliosimulia hadithi hii kwenye shikome, penye moto wa jioni, waliweka sharti zito la uongozi: hata aliyekomboa taifa zima anawajibika kwa jeraha la mnyonge mmoja.

Je, wajua kwamba ndugu wa hadithi hii yuko Lesotho, na mwisho wake ni mchungu?

Wasotho nao wana zimwi lililomeza watu wote, na kijana aliyelipasua, Senkatana. Mwaka 1952 mwandishi S. M. Mofokeng aliitungia tamthiliya iliyobeba jina la shujaa huyo. Senkatana alipewa utawala, lakini baadhi ya wale wale aliowaokoa wakamwonea wivu, wakamuua. Usukuma husisitiza deni la kiongozi kwa watu. Lesotho hukumbusha kwamba watu nao wana deni kwa mkombozi wao.

Je, wajua kwamba mashujaa wawili wasioshindika wa Afrika Mashariki waliangushwa na watu wa nyumbani kwao?

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, ziwa letu, Wajaluo husimulia habari za Lwanda Magere, ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe. Mkuki haukumwingia. Siri yake ilikuwa kwenye kivuli, na mke aliyetoka kwa maadui ndiye aliyeigundua na kuipeleka kwao. Huko pwani, Fumo Liyongo, aliyetungiwa utenzi na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, hakuuawa na silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa.

Jamii hizi mbili ziko mbali, na zote zimeukubali ukweli mmoja: kikulacho ki nguoni mwako. Maadili ya taifa yanapoporomoka, si lazima awe adui wa nje aliyeyaangusha.

Je, wajua kwamba mwaka 1974 shujaa mmoja alivua jina la taifa lake, na mwingine akaanza kulitumikia la kwake?

Captain America, shujaa wa vitabu vya katuni, alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby. Jalada la toleo lake la kwanza, lenye tarehe ya Machi 1941, lilimwonyesha akimpiga Hitler ngumi, wakati Marekani yenyewe haijaingia vitani. Mwaka 1974, kashfa ya Watergate ilipokuwa ikimng'oa Rais Nixon, mwandishi Steve Englehart alimpeleka shujaa huyo kufuatilia njama hadi ndani ya Ikulu ya Marekani. Alichokuta kilimfanya aache jina lake. Aliona anaweza kuwa mwaminifu kwa maadili ya nchi bila kuwatii waliokuwa wakiiongoza.

Mwaka huo huo Elvis Musiba alichapisha *Kufa na Kupona*, na Watanzania wakamjua mpelelezi Willy Gamba. Adui zake walikuwa mawakala waliohujumu harakati za ukombozi Kusini mwa Afrika. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), na wasomaji waliamini kuwa uhuru wa Msumbiji na Angola ni sehemu ya uhuru wao. Willy alikuwa mtanashati, mpenda starehe, lakini hakununulika.

Je, wajua kwamba maadili yenyewe yaliwahi kuandikwa kama masharti?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kumiliki nyumba za kupangisha na kuwa na hisa katika kampuni. Mwaka 1991, Azimio la Zanzibar lililegeza masharti hayo. Maazimio hubadilishwa kwa kikao, lakini Willy Gamba hawezi kubadilishwa na kikao chochote. Anayekifungua kitabu leo anamkuta pale pale alipoachwa, na anaweza kupima nchi imesogea umbali gani kutoka kwake.

Je, wajua kwamba Wakanda iliwahi kuchorwa kando ya Ziwa Victoria?

Shujaa mwingine wa katuni, Black Panther, alianza kuonekana Julai 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Nchi yake ya kubuni, Wakanda, imehamishwa mara kadhaa kwenye ramani. Mwandishi Ta-Nehisi Coates alipoanza kuandika hadithi zake mwaka 2016, ramani iliyochapishwa iliiweka Wakanda kwenye ziwa letu. Watu weusi wa Marekani waliotenganishwa na asili yao kwa utumwa walipewa nchi ya Kiafrika ambayo haikuwahi kutawaliwa, yenye madini na ujuzi wa kuyatumia wenyewe. Kwa sisi tunaoishi kwenye ufuko huu, karibu na migodi ya dhahabu ya Geita, ndoto hiyo ni swali halali: utajiri wa ardhi unamnufaisha nani?

Basi, kwa nini shujaa wa kubuni?

Kwa sababu hana shamba la kugombea wala ndugu wa kupendelea. Shujaa wa kweli huzeeka, hukosea, na akifa kila chama humvuta upande wake. Wa kubuni hubaki kuwa kipimo. Lakini kipimo hakifanyi kazi peke yake. Masala Kulangwa hawezi kukagua hesabu za chama cha ushirika wala kumhoji diwani. Hilo ni letu. Mzazi akitaka kuanza, asimsimulie mtoto habari za zimwi tu. Aifikishe hadithi hadi kwenye sikio la bibi kizee, kisha amuulize mtoto: wewe ungekuwa Masala, ungefanya nini?