Afya ya bustani ya ukoka (Sehemu ya 2): Si kila umanjano ni njaa

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulizitazama nyasi zenyewe: ukoka wetu wa asili, paspalamu inayostahimili chumvi ya pwani, na nyasi ya Kikuyu iliyozoea baridi ya nyanda za juu. Leo tunashuka chini ya majani, kwenye mizizi, kwa sababu huko ndiko bustani nyingi zinakoharibikia.

Desturi iliyoenea mijini ni hii: ukoka ukianza kugeuka manjano, mwenye nyumba huenda duka la pembejeo, hununua urea na kumkabidhi mtunza bustani aimwage. Baada ya siku chache majani hukoza kijani, naye hutulia. Haupiti muda mrefu umanjano unarudi, na urea nyingine inanunuliwa. Mwisho wa yote uwanja una mabaka makavu, mbolea inalaumiwa kuwa feki, na udongo haujachunguzwa hata siku moja.

Umanjano una sababu zaidi ya moja, na ukilikagua jani utazitofautisha. Nyasi ikikosa naitrojeni, majani ya zamani ya chini ndiyo yanayotangulia kupauka, tena jani zima, kwa kuwa mmea huichukua naitrojeni kutoka majani makongwe na kuipeleka kwenye machipukizi. Ikikosa madini ya chuma, mambo hugeuka: majani machanga ya juu ndiyo yanayopauka, huku mishipa yake ikibaki kijani, jani likaonekana lina milia. Chuma kikishatua kwenye jani hakihamishwi. Ukiimwagia urea nyasi ya namna hii ya pili, unaihimiza ikue wakati kinachoikwamisha hujakigusa.

Upungufu huo wa chuma ni wa kawaida pwani, na chanzo chake ni chokaa. Sehemu kubwa ya mwambao wetu imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Kilima cha Wazo, Dar es Salaam, kinachimbwa mawe ya chokaa ya kutengenezea saruji. Isitoshe, viwanja vingi vya nyumba hujazwa kifusi chenye mabaki ya saruji na lipu, na hayo nayo yana chokaa. Katika kipimo cha pH, ambacho 7 ni katikati, chini yake ni uchachu na juu yake ni umagadi, ukoka hustawi vizuri kati ya 6 na 7. Udongo ukipita 7.5, chuma huwamo lakini hugeuka hali ambayo mzizi hauwezi kuinyonya. Tiba yake ni kuondoa kifusi kabla ya kupanda, kuongeza mboji, na kunyunyizia majani salfeti ya chuma iliyoyeyushwa katika maji.

Kuna majaribio mawili yasiyohitaji maabara. Weka kijiko cha udongo mkavu kwenye kisahani, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Kisha jaza udongo theluthi moja ya chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu na uiache. Mchanga hutua chini ndani ya dakika moja au mbili, tope laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la mchanga likiwa nene mno, jua kwamba mbolea yako husombwa na maji upesi. Mfinyanzi ukizidi, hofu yako iwe kushindiliwa kwa udongo na mizizi kukosa hewa.

Kwenye miteremko yenye mvua nyingi, kama ya Kilimanjaro au Limuru, hali ni kinyume. Mvua ya miaka mingi imeosha kalisi na kuuacha udongo mwekundu ukiwa na uchachu. Huko chokaa ya kilimo ni dawa. Mfuko uleule ukimwagwa kwenye uwanja wa matumbawe kule Kunduchi, unaongeza ugonjwa.

Ushahidi mkubwa kuhusu nyasi na mbolea uko Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1856 John Bennet Lawes na Joseph Henry Gilbert waligawanya malisho ya kale katika vipande, wakawa wanakipa kila kipande mbolea yake mwaka hadi mwaka. Jaribio hilo linaendelea hadi leo. Vipande vilivyopewa salfeti ya amonia bila chokaa vilizidi uchachu hadi pH ikashuka karibu na 3.5. Aina za mimea, ambazo kwenye vipande visivyo na mbolea ni makumi, zikabaki mbili tatu. Minyoo ya ardhini ikatoweka, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuozesha mabaki, majani makavu yakajilimbika juu ya ardhi kama mkeka. Mbolea ile haikuwa feki. Ilirudiwa tu pasipo kuangalia inaufanyia nini udongo, na urea nayo huongeza uchachu ikirudiwa kwa miaka.

Sasa kiasi. Nyasi isipewe zaidi ya gramu 5 za naitrojeni kwa mita ya mraba kwa mkupuo mmoja. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Kwa hiyo uwanja wa mita 10 kwa 10 unahitaji kilo 1 tu. CAN, yenye takriban asilimia 26, itakuwa kilo 1.9. NPK ya 17:17:17 itakaribia kilo 3. Kwenye kichanga gawa kiasi hicho mara mbili, kwa kupishana wiki chache, la sivyo kitazama chini ya mizizi na kuelekea visimani. Tawanya mbolea majani yakiwa makavu, kisha mwagilia papo hapo: punje ya urea ikilala juu ya jani huliunguza, na ikikaa juu ya udongo bila maji, naitrojeni yake hupeperuka kama gesi ya amonia.

Samadi ya kuku isiyoiva nayo huunguza. Iache iive, ichekeche, uitandaze nyembamba, nusu sentimita hivi, mvua zikikaribia. Penye njia za miguu na magari, choma udongo kwa uma wa bustani hadi sentimita 10 kwenda chini, ndipo utandaze mboji iingie kwenye matundu. Na vipande vya majani unavyokata, vikiwa vifupi, viache palepale: vinarudisha karibu robo ya naitrojeni ambayo ungeinunua.

Anayetaka uhakika achukue udongo wa sentimita 10 za juu kutoka sehemu kumi za uwanja, auchanganye, aukaushe kivulini, kisha aupeleke kwa wapimaji. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, na kituo cha utafiti cha TARI Mlingano, Tanga, vina wataalamu wa udongo. Kwa ndugu zetu wa Kenya lipo shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO.

Wiki ijayo tutaeleza umwagiliaji na ukataji. Kwa leo nakuomba, msomaji, jambo moja: usifungue mfuko wa mbolea kabla hujaujua udongo utakaoipokea.