ULINZI SHIRIKISHI NA WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Msimu wa mauzo ni msimu wa furaha, lakini pia ni msimu wa hofu. Pamba imepimwa, malipo yametolewa, na kila nyumba ina kitu cha kulindwa. Usiku yowe linapigwa: ng'ombe wawili hawamo zizini. Wanaume wanatoka na marungu na tochi. Kabla ya alfajiri anakamatwa kijana mmoja ambaye watu wamezoea kumwona akizurura mnadani. Hakuna anayemhoji kwa utulivu. Jua linapochomoza kijana amekwisha kufa, ng'ombe hawajapatikana, na aliyewanunua hajulikani. Kijiji kimepata hasara mbili kwa usiku mmoja, na ya pili haina fidia.

Mambo ya namna hiyo si ya kijiji kimoja tu. Katika miaka ya 2010, taarifa za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu zilihesabu mamia ya watu waliouawa nchini Tanzania na wananchi waliojichukulia sheria mkononi. Ni dhahiri kwamba katika vijiji hivyo watu hawakukosa moyo wa kulinda mali zao. Walichokosa ni utaratibu. Na utaratibu ni jambo ambalo chama cha ushirika hakina budi kulijua kuliko chombo kingine chochote kijijini.

MAANA YA ULINZI SHIRIKISHI

Tangu mwaka 2006, wakati Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, Tanzania ilianza kueneza mpango wa Polisi Jamii, na ndani yake ulinzi shirikishi. Msingi wake ni rahisi kueleweka. Askari hawawezi kuwapo katika kila kitongoji usiku na mchana. Mwananchi ndiye anayemfahamu mgeni, anayeijua njia ya ng'ombe, na anayeiona nyumba inayopokea mizigo usiku. Kwa upande wa pili, mwananchi hana mafunzo ya upelelezi, hana mahabusu, wala hana mamlaka ya kumfikisha mtu mahakamani. Kila upande una kile ambacho mwenzake hana. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nchi jirani ya Kenya imeshika njia hiyo hiyo. Katiba yake ya mwaka 2010 inaitaka polisi ijenge uhusiano mwema na jamii, na mwaka 2013 Serikali ilianzisha mpango wa Nyumba Kumi, jina ambalo Watanzania wanalifahamu tangu mabalozi wa TANU wa miaka ya 1960.

FUNZO LA SUNGUSUNGU

Kabla ya mipango hiyo, wakulima na wafugaji wa Usukuma na Unyamwezi walikuwa wamekwisha kufundisha somo kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe na ujambazi ulizidi katika sehemu za Kahama na Tabora. Wanavijiji wakajiunga katika vikundi vilivyopewa jina la sungusungu, yaani wale siafu weusi waumao kwa pamoja. Walichagua viongozi wao. Yowe lilipopigwa, kila mwanamume alipaswa kutoka na upinde wake, na kijiji cha jirani kilifunga njia. Asiyetoka alitozwa faini au alitengwa. Wizi ulipungua sana mahali pengi, na mfano huo ukaenea katika mikoa mingine.

Hata hivyo, haifai kusifu upande mmoja na kuficha wa pili. Vikundi vingine vilianza kuwa askari, hakimu na mtoa adhabu kwa wakati mmoja. Watu walipigwa ili wakiri, na wengine, hasa wanawake wazee, walishambuliwa kwa tuhuma za uchawi. Viongozi kadhaa wa sungusungu walijikuta wakishtakiwa mahakamani. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu nafasi kisheria, pamoja na mamlaka ya kukamata. Mamlaka ya kuhukumu hawakupewa.

Hapo ndipo ulipo mpaka ambao kila mwanachama anapaswa kuukumbuka. Kikundi kilichojiwekea mpaka kilidumu na kuheshimiwa. Kilichouvuka kiligeuka kuwa tishio kwa wale wale kiliowalinda.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake. Lakini inamtaka raia huyo amkabidhi mtuhumiwa kwa polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Nguvu inayotumika isizidi ile inayohitajika ili kumkamata. Mtu akiisha kushikwa na kufungwa kamba, kila pigo linaloongezwa ni kosa la jinai, na akifa, waliopiga wanaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Aidha, mtoto kwa sheria ya Tanzania ni mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka Mahakama ya Watoto na kumpa afisa ustawi wa jamii nafasi katika mashauri yao. Mtoto wa chini ya miaka 10 hawajibiki kabisa kwa jinai. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na huko ndiko kesi inayomhusu mtoto inakotakiwa kupelekwa kwanza.

Jambo moja huvunja imani ya wananchi kuliko mengine: mtuhumiwa aliyekamatwa jana anaonekana leo akitembea sokoni. Watu husema ameachiwa. Mara nyingi ametoka kwa dhamana tu, na dhamana si hukumu wala si msamaha. Ni haki ya mtuhumiwa ambaye kosa lake linaruhusu dhamana, nayo haina malipo. Anayedai fedha ili kuitoa anatakiwa aripotiwe kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya au TAKUKURU. Jambo la pili ni mashahidi. Watu thelathini humfukuza mwizi usiku, lakini siku ya kesi hafiki hata mmoja mahakamani, na kesi inafutwa kwa kukosa ushahidi. Hapo lawama ni ya kijiji chenyewe.

KIJANA AWE NDANI YA ULINZI

Mwanzoni mwa mwaka 2015, na tena mwaka 2022, wakazi wa Dar es Salaam walitishwa na makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road, ambayo yalivamia watu na nyumba kwa mapanga. Polisi walifanya misako mikubwa. Msako unaweza kuzima moto wa usiku ule, lakini hauwezi kujibu swali la kwa nini kijana wa umri wa kwenda shule ameshika panga.

Kuna mfano wa mbali unaofaa kutazamwa. Katika mji wa Boston, Marekani, kati ya mwaka 1991 na 1995 waliuawa kwa wastani watu 44 kila mwaka wenye umri wa miaka 24 au chini yake. Mwaka 1996 polisi, viongozi wa dini na watumishi wa vijana walikutana ana kwa ana na makundi yenye ugomvi. Waliwaambia mambo mawili kwa uwazi: damu ikimwagika, sheria itaangukia kundi zima, na anayetaka kuacha atasaidiwa kupata masomo au kazi. Mwaka huo vifo vilishuka hadi 26, na mwaka 1997 vilikuwa 15. Lakini mpango huo uliachwa kufikia mwaka 2000, na katika miaka iliyofuata mauaji yakapanda tena, hata ikabidi uanzishwe upya mwaka 2007. Ulinzi hauwekwi mara moja ukasahauliwa. Hupaliliwa kila msimu kama shamba.

Vijijini tatizo lina sura yake. Kijana amelima, amepalilia na amevuna, lakini jina lililo katika daftari la chama ni la baba yake. Siku ya malipo yeye husimama nje. Anajua bei ya pamba, anajua uzito uliopimwa, na anajua kwamba hana sauti juu ya senti moja. Kijana wa namna hiyo akiitwa mwizi kila ng'ombe anapopotea, huku hana lolote la kupoteza, anakuwa karibu sana na wale wanaomwahidi fedha za haraka. Samaki mkunje angali mbichi.

MAMBO YANAYOWEZEKANA KUFANYWA NA CHAMA

Mwaka 1995, mjini Manchester, vyama vya ushirika vya dunia vilikubaliana juu ya kanuni saba. Ya saba ni kuijali jamii. Kwa hiyo chama kinachoshughulikia usalama wa kijiji hakijatoka nje ya kazi yake. Hata hivyo, chama si kituo cha polisi. Kazi yake ni kuleta utaratibu, na yafuatayo yamo ndani ya uwezo wa chama chochote.

1. Kuwakutanisha wahusika. Kata nyingi zimepangiwa mkaguzi wa polisi. Katibu amwalike, pamoja na mtendaji wa kijiji na kamati ya ulinzi na usalama ya Halmashauri ya Kijiji, kabla ya msimu wa mauzo kuanza. Wakubaliane nani atapigiwa simu, nani atampokea mtuhumiwa, na atasafirishwaje hadi kituoni.

2. Kupunguza fedha taslimu. Fedha zinazokaa ofisini usiku humwita mwizi. Malipo kwa benki au kwa simu, pale yanapowezekana, ni ulinzi bora kuliko kufuli. Pale yasipowezekana, siku na njia ya kusafirisha fedha zijulikane kwa watu wachache tu.

3. Kuweka daftari la ulinzi. Kila tukio liandikwe: tarehe, saa, jambo lililoonekana, jina la askari aliyepokea taarifa, na namba ya taarifa aliyoitoa. Baada ya mwezi, mkaguzi aulizwe hatua iliyofikiwa, na jibu liandikwe. Jina la mtoa habari lisiandikwe humo wala kutajwa hadharani. Taarifa isiyorudishiwa jibu ndiyo inayowafanya wananchi wakate tamaa na kushika marungu.

4. Kutunza michango. Fedha za tochi, filimbi na makoti ya mvua ya walinzi zitolewe stakabadhi na zisomwe mkutanoni kama hesabu nyingine. Ikiwa chama kitachangia kutoka mfuko wake, Mkutano Mkuu uamue kwanza. Kikundi cha ulinzi kinachokusanya fedha bila stakabadhi hakikawii kuwa mzigo kwa wanakijiji.

5. Kuwa waangalifu na kura za siri. Vijiji vingine hupiga kura za kuwataja wahalifu. Kura hizo zinaweza kuwa fununu kwa mpelelezi, lakini si ushahidi. Mtu aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba anaweza kutajwa na ukoo mzima. Matokeo yapelekwe polisi yakiwa yamefungwa, yasisomwe mkutanoni.

6. Kuwapa vijana nafasi. Vijana waliotimiza masharti waandikishwe kuwa wanachama kwa majina yao wenyewe. Kazi za msimu za kupakia, kupima na kulinda ghala zigawiwe kwa orodha iliyo wazi, zisiwe za watoto wa wajumbe wa Bodi peke yao. Vijana wasaidiwe kuunda vikundi na kuandika maombi ya mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo hutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani. Asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi kinachojua kutunza hesabu ndicho chenye nafasi nzuri, na katibu wa chama anaweza kukifundisha hilo kwa jioni chache.

7. Vijana wawe walinzi pia. Kamati ya ulinzi yenye wazee watupu huwatazama vijana kama watuhumiwa. Kamati yenye vijana wawili au watatu waliochaguliwa na wenzao husikia mapema ugomvi unaochipuka mpirani, kilabuni au mnadani, kabla haujafika kwenye visu.

HITIMISHO

Baadhi ya wanachama watauliza kama daftari na stakabadhi vinaweza kumzuia mwizi mwenye panga. Jibu linapatikana katika historia ya ushirika wenyewe. Mkulima mmoja mmoja alipunjwa kwenye mizani kwa miaka mingi. Hakuokolewa na hasira yake, ingawa hasira ilikuwa ya haki. Aliokolewa siku alipokutana na wenzake, wakachagua katibu, wakaandika kila kilo, na wakamdai kila mtu hesabu.

Usalama wa kijiji unahitaji njia hiyo hiyo. Polisi wafanye kazi yao na waulizwe walipofikia. Walinzi wakamate na kukabidhi. Mashahidi wafike mahakamani. Na yule kijana wa mnadani aulizwe mapema jina lake, kazi anayoiweza na mahali anapolala, jioni moja kukiwa na utulivu, kabla ya usiku wa yowe kufika.