Uzi: Treni ikikwama, kwani nyingine haiwezi tu kuja kuivuta?

Kila mjadala wa usafiri wa mjini ukianza, kuna mtu lazima aseme: tununue treni kwa yeyote mwenye bei ya chini, tena kwa kampuni tofauti tofauti ili washindane. Ukiuliza swali unaambiwa unatetea makateli. Mimi sina shida na ushindani. Shida yangu ni swali ambalo sijasikia likiulizwa jukwaani: treni ya kampuni moja ikifia njiani, ile ya kampuni nyingine itaweza kuishika?

Barabarani tumezoea. Matatu ikizima, makanga anaruka chini, abiria wawili watatu wanasukuma, ama inafungwa kamba. Magari mengine yanapita kando. Treni haina kando. Iliyo nyuma inangoja, na iliyo nyuma yake pia inangoja, mpaka ya mbele itoke. Ndiyo maana kwa treni za chini ya ardhi, mara nyingi mwokoaji ni treni inayofuata: inashusha abiria wake stesheni, inasogea polepole, inagusa ile iliyokufa, inaisukuma.

Hapo kwa "inagusa" ndipo pesa zenu zilipo.

Kuunganisha treni mbili ni zaidi ya chuma kushika chuma. Chuma ndicho rahisi, ingawa hata hicho kinaweza kuwa na umbo tofauti au kimo tofauti kutoka relini. Kuna hewa. Breki za treni nyingi bado zinafuata wazo la George Westinghouse la miaka ya 1870: hewa ikikosekana bombani, breki zinabana zenyewe. Wazo zuri sana, manake bomba likikatika treni inasimama badala ya kuporomoka. Lakini treni iliyokufa nayo inapoteza hewa. Kama bomba la mwokoaji haliingiani na lake, lazima mtu atembee behewa baada ya behewa akifungua breki kwa mkono, gizani, ndani ya handaki.

Halafu kuna waya. Treni za kisasa zinapeleka amri za mota, breki na milango kwa umeme. Waya zisipoelewana, dereva wa nyuma anasukuma kitu asichokiamrisha wala kukiona mbele yake. Inabidi mwenzake akae mbele, amwongoze kwa redio, na waende mwendo wa kinyonga.

Tuangalie New York. Treni zake za chini ya ardhi zilianza 1904 chini ya kampuni binafsi, IRT. Njia nyingi zilizojengwa baadaye na wengine zilichukua mabehewa mapana zaidi, kama mita 3 dhidi ya mita 2.7 hivi za IRT. Jiji likanunua kampuni hizo 1940, likawa mwenye mali yote. Reli zina upana uleule. Lakini mpaka leo behewa pana haliingii kwenye handaki jembamba, na abiria wanaona mgawanyo huo kila siku bila kujua: njia za namba ni upande mmoja, za herufi ni upande mwingine. Waliotia saini walishakufa zamani, saini yao bado inafanya kazi.

Na si mambo ya kale pekee. Kuelekea 2000 jiji hilohilo lilianza kupokea treni za R142 kutoka Bombardier na R142A kutoka Kawasaki. Kwa macho ni mapacha. Huwezi kuzichanganya kwenye treni moja, umeme wao haupatani.

Kwa abiria hii inamaanisha nini? Mei 2011, kaskazini mwa London karibu na Kentish Town, treni ilipoteza umeme ikiwa na mamia ya watu. Walikaa humo karibu saa tatu. Kukawa na joto, watu wakaanza kufungua milango wenyewe. Mwokoaji alipowafikia hatimaye, treni ilisogea milango mingine ikiwa wazi na watu wamesimama karibu nayo. Kila dakika ya kuhangaika kuunganisha ni dakika ya watu kuamua kujiokoa.

Kwetu? Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR 1,435. Hapo hata kiunganishi cha dhahabu hakisaidii, injini ya huku haiwezi kwenda kumwokoa wa kule. Makontena yenyewe yanahamishwa Naivasha kutoka reli moja hadi nyingine.

Wanaosema muuzaji mmoja pia anatufunga mikono, hawajakosea. Ukimtegemea yeye tu, bei ya spea anakupangia. Lakini kuna njia ya katikati: mnunuzi aandike mwenyewe kwenye zabuni umbo la kiunganishi, kimo chake, mpangilio wa mabomba na waya, kisha kampuni yoyote ishindane ndani ya hayo.

Kwa hivyo mgombea akiwaahidi treni mpya, muulizeni kama zitashikana na zilizopo. Akisema kuna kiunganishi cha dharura cha kuziunganisha, muulizeni kitakaa wapi: ndani ya treni, ama kwenye stoo ya karakana upande ule mwingine wa jiji?