Muziki wa Ugogo (3): Wimbo Mpya Hautoki Hewani

Katika sehemu mbili zilizopita tulishughulika na vyombo vya Wagogo na ngazi ya sauti zao, na leo sitayarudia hayo ila pale hoja itakapodai. Kilichotusukuma kuendelea ni albamu ya Maisha, iliyotolewa mwaka 2024 na The Zawose Queens kupitia Real World Records ya Uingereza. Waimbaji wake wakuu ni Pendo Zawose, binti wa marehemu Hukwe Zawose, na Leah Zawose, mjukuu wake. Magazeti na redio ziliisifu, na katika sifa hizo limejitokeza swali linalostahili jibu refu kuliko lile linalotolewa vibarazani: familia iliyopiga muziki mbele ya hadhara kwa zaidi ya nusu karne inazipata wapi nyimbo mpya? Jibu jepesi ni kwamba wamejaliwa kipaji. Mimi nashikilia jambo tofauti. Kipaji humpatia mtu wimbo mmoja au miwili, lakini kundi linalodumu huishi kwa akiba, yaani hazina ya sauti, maneno na matukio ambayo wengi wameiweka na wengi wanaitunza. Akiba hiyo ikikosa mtunzaji, kipaji nacho hakina pa kusimamia.

Tuanze na marimba, kwa Kigogo ilimba. Ni sanduku la mbao lililofungwa ndimi za chuma zilizofuliwa bapa, na mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole gumba. Katika marimba makubwa, ndimi nyingi haziguswi kabisa. Zimepangwa pembeni na kulinganishwa kwa makini na zile zinazopigwa. Ulimi mmoja unapolia, zile za pembeni hutetema zenyewe na kuitikia. Kwenye uso wa sanduku hutobolewa tundu, likafunikwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui, ili sauti itoke na mvumo wa kukwaruza ambao kwa sikio la Mgogo ndio utamu wenyewe. Fundi mwenye haraka akizing'oa ndimi za pembeni kwa kuwa hazipigwi, noti zote za wimbo zitabaki, lakini muziki utakuwa mkavu kama ugali usio na kitoweo. Makosa ya namna hiyo ndiyo tunayoyafanya tunapoeleza utunzi kwa kumtazama mwimbaji aliyeshika kipaza sauti peke yake.

Wimbo wa Kigogo huanzishwa na mtu mmoja, hilo ni kweli. Mwanzishaji hutoa mstari, waitikiaji wakaudaka, njuga na ngoma zikafuata. Lakini mwanzishaji huyo hayuko huru kama tunavyodhani. Kwanza, ameikuta ngazi ya sauti. Gerhard Kubik, mtafiti wa Austria aliyetembelea Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza kwamba ngazi ya Wagogo imetokana na sauti za juu zinazozaliwa zenyewe ndani ya sauti moja ya uzi au ya koo. Ndiyo maana noti mojawapo, ile itokanayo na mtetemo wa saba, huwa chini kidogo ya noti ya kinanda iliyo karibu nayo, na mwalimu wa kwaya asiyelijua hilo huwakemea waimbaji kwamba wanashuka. Hawashuki, kinanda ndicho kisicho na noti hiyo. Pili, sauti ya kupokea haimsumbui mtu kuitunga, kwa sababu mwitikiaji huruka noti moja ya ngazi na kumfuata kiongozi kwa umbali huo, na upatano hupatikana papo hapo. Tatu, Kigogo ni lugha ya toni, tofauti na Kiswahili. Neno lina kupanda na kushuka kwake, na wimbo ukilipinda sana neno hilo, msikilizaji atasumbuka kulielewa. Ukijumlisha mambo hayo matatu utaona kwamba nusu ya kazi imekwisha kufanywa kabla mtunzi hajafungua kinywa. Kilichobaki ni kupata jambo la kusema na kujua mahali pa kulisema.

Jambo la kusema halijawahi kukosekana katika uwanda wa kati. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, kwa wastani chini ya milimita 600 kwa mwaka, na miaka mingine haifiki hata nusu ya matumaini ya mkulima. Watu wa uwele, mtama na ng'ombe katika nchi ya namna hiyo hawahesabu miaka kwa tarakimu tu, huihesabu pia kwa majina ya njaa. Kubwa kuliko zote kwa kumbukumbu ni Mtunya, iliyoanza mwaka 1917 na kuendelea hadi 1920. Haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, yalikuwa yamekwisha kukomba nafaka, kuswaga ng'ombe na kuchukua vijana wapagazi, hivyo mvua ilipokosekana ghala lilikuwa tupu na mikono ya kulima haipo. Makadirio ya utawala wa Waingereza yalitaja vifo vya watu wapatao 30,000. Mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia njaa hiyo kwa kina, na alifanya kazi bega kwa bega na Mzee Ernest Kongola, mwalimu mstaafu wa Dodoma aliyeandika historia za koo za Wagogo juzuu kwa juzuu. Kinachonigusa mimi ni kwamba watu waliolipa janga jina lake walikuwa wamekwisha kuanza utunzi. Jina hilo moja hubeba wafalme wa Ulaya, ghala lililobomolewa, mzazi aliyehama na mtoto aliyeachwa njiani, na mwimbaji akilitaja tu, wazee wanajaziliza yaliyobaki.

Mwaka ule ule wa 1917, Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Alikuja kuandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo, kilichochapishwa mwaka 1954, na baadaye akawa baba wa ngonjera katika ushairi wa Kiswahili. Sitadai kuwa ngonjera ni ngoma ya Kigogo iliyovalishwa kanzu, kwa kuwa ushahidi wa kudai hivyo sina. Hata hivyo, utungo wa watu wawili wanaojibizana mbele ya hadhara mpaka ukweli upatikane si jambo la kumshangaza mtu aliyekulia kwenye nyimbo za kupokezana. Nawasihi walimu wanaofundisha ngonjera wasiache kuwaambia wanafunzi zilikotoka.

Na tuukumbuke mwaka 1950. Pale Kongwa, serikali ya Uingereza ilikuwa inazika mamilioni ya pauni katika mradi wa karanga ulioanza 1947 na kufutwa 1951, kwa sababu wakubwa wake hawakumwuliza mwenyeji kuhusu udongo wala mvua. Mwaka huo huo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alipita katika nchi hii akiwa na mashine ya kurekodi, akawasikiliza Wagogo na kuhifadhi sauti zao. Matrekta yaligeuka vyuma chakavu, ila sanaa ile inasikika hadi leo. Aliyekuja kusikiliza aliondoka na mali, na aliyekuja kuamuru aliondoka na hasara. Ningependa kila anayepanga maendeleo ya mkoa huu aijue tofauti hiyo.

Hapo atainuka mpinzani wangu wa kwanza aseme: unamwondolea mtu haki yake. Kama nyimbo zote ni akiba ya wote, Hukwe Zawose alikuwa nani? Ni swali la haki. Alizaliwa katika kijiji cha Doguye mkoani Dodoma, akajifunza muziki nyumbani na machungani. Mwalimu Nyerere alivutiwa na upigaji wake, akamwita Dar es Salaam kulitumikia taifa. Kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981 aliingia humo, na akiwa na kundi lake alizunguka dunia, akarekodi Tanzania Yetu katikati ya miaka ya 1980, akatoa Chibite mwaka 1996 pamoja na Charles Zawose, na kabla ya kufariki Desemba 2003 alishirikiana na Mkanada Michael Brook katika albamu ya Assembly. Huyo hakuwa mtu wa kawaida. Lakini tuangalie alichokiongeza. Alitengeneza marimba makubwa kuliko ya mchunga ng'ombe, akaongeza ndimi, huku ulinganishaji ukibaki ule ule wa Ugogo. Aliiimba Tanzania kwa Kiswahili, huku akiipokeza kwa taratibu ya Kigogo. Fundi hodari anaipanua nyumba aliyoachiwa bila kuubomoa msingi wake, na sioni kwamba sifa hiyo ni ndogo. Pia hakupiga peke yake. Alikuwa na akina Dickson Mkwama na Lubeleje Chiute, na nyuma yao waitikiaji ambao kava za kaseti hazikutosha kuwataja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mpinzani wa pili atasema kwamba huko ni kuishi kwa kunakili. Nitamjibu kwa kumtoa nje ya Ugogo. Bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwimbaji wake Muhidin Gurumo alitoka, akawa miongoni mwa walioisimamisha Mlimani Park Orchestra mwaka 1978, na baadaye akarudi kwa wenzake wa zamani. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park, na Msondo zilikuwa ngoma za jadi kabla ya kuwa mitindo ya dansi. Katika bendi hizo mtunzi huleta kisa na sauti, mpangaji wa kiwango cha Michael Enoch hugawa kazi kwa magitaa na tarumbeta, na muziki unapochanganya kila mpigaji hutia chake. Waimbaji wamehama, viongozi wamefariki, na bado shabiki hutambua mapigo kabla hajasikia sauti ya mtu. Anayenakili hurudia kilichokwisha kusemwa. Bendi hizi zilichukua namna ya kusema, zikasema mapya kila mwaka, na hilo kunakili hakuliwezi.

Sasa turudi kwa akina dada wa Zawose. Imeelezwa sana kwamba katika kundi la familia wanawake walikuwa waitikiaji na wachezaji, na kwamba safari hii wameshika uongozi wa wimbo. Wapo wanaoona hapo mila imevunjwa. Mimi naona wanasahau muheme, ngoma ambayo kwa Wagogo ni ya wanawake, wanayoibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa nguvu ambayo mwanaume hana la kuiongezea. Mwanamke wa Kigogo hakuanza kuongoza muziki mwaka 2024. Alichofanya ni kuhamisha uongozi wake kutoka uwanja wa kijiji hadi jukwaa la ukumbi. Hata pale studio iliposogezewa vifaa vya kisasa, kiitikio kinabaki kuwa nguzo, na kwa maelezo yote niliyotangulia kuyatoa hiyo ndiyo sababu albamu hiyo ina uhai.

Kijana wa leo atanikumbusha kwamba kompyuta imempa kazi bila kumlazimu kukaa miaka machungani, na kwamba hana muda wa kungojea mavuno ndipo aimbe. Sina ugomvi na kompyuta. Ugomvi wangu ni na tabia ya kununua mapigo yaliyotengenezwa na mtu asiyemjua, kuyabandikia maneno usiku mmoja, kisha kushangaa wimbo unapokufa ndani ya mwezi. Kama anataka kudumu, akae kwanza na wanaojua. Katika kijiji cha Nzali wapo, na mtafiti Mhispania Polo Vallejo amewasikiliza kwa miaka mingi. Chamwino kuna kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Wagogo la kila mwaka. Ni aibu Mhispania aijue njia ya Nzali kuliko mwanafunzi wa Dodoma mjini.

Mji huu uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Barabara, ofisi na nyumba zimejengwa, na hilo ni jema. Naziomba halmashauri za Bahi, Chamwino, Kongwa na Mpwapwa, pamoja na Jiji lenyewe, zifanye jambo moja lisilohitaji mfadhili: kila shule ya msingi imwalike mzee na bibi mmoja wanaojua nyimbo, wanafunzi wawarekodi kwa simu, na waandike jina la aliyeimba, kijiji chake na shughuli ambayo wimbo huo uliimbiwa. Wewe msomaji mwenye bibi kijijini usingoje barua ya halmashauri. Mrekodi kabla ya mvua hizi kwisha.

Itaendelea wiki ijayo.