Kichochoro cha Milimita 0.67: Ramani ya Mji Mkongwe Inachorwaje?

Ukifungua ramani ya simu katikati ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mara nyingi kidoti cha buluu kinarukaruka kutoka kichochoro hiki kwenda kile. Si simu mbovu. Kuta ndefu za mawe zinaziba na kuakisi mawimbi ya satelaiti, na vichochoro vimebanana. Ndiyo maana ramani ya karatasi, yenye majengo yaliyochorwa kwa mkono, bado ina kazi pale. Sasa, inatengenezwaje?

Tuanze na hesabu. Eneo lililoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000 lina hekta 96 hivi, yaani karibu kilomita moja ya mraba. Chukua karatasi ya A3, chagua skeli ya 1:3,000. Kilomita moja inakuwa sentimita 33, inaenea. Lakini kichochoro cha mita 2 kinakuwa milimita 0.67! Utaandika wapi jina lake? Basi unakipanua hadi milimita 3, na nafasi hiyo unaimega kwenye nyumba za pembeni. Ndiyo, ramani inadanganya kwa makusudi. Kitu kimoja tu hakiguswi: mpangilio wa kona. Kichochoro cha tatu kushoto mtaani lazima kiwe cha tatu kushoto kwenye karatasi.

Pili, majengo. Ukiitazama kutoka juu, Beit al-Ajaib ni paa tu, na mtembeaji haoni paa. Yeye anaona nguzo na veranda. Kwa hiyo mitaa tunaichora kama anavyoiona ndege, halafu majengo machache tunayasimamisha yaonyeshe uso. Ukiyasimamisha yote yatafunika njia. Kanuni nzuri ni hii: kila njia panda inayochanganya ipewe alama moja, hata kama ni mlango wa kuchonga usio na umaarufu wowote.

Tatu, nani anaruhusiwa kuingia wapi? Mwaka 1748 Giambattista Nolli alichapisha ramani ya Roma ambamo ndani ya makanisa mliachwa peupe kama barabara, kwa sababu watu waliingia. Nyumba za watu alizitia giza. Kwetu, ua wa Ngome Kongwe ungeachwa peupe. Na baraza je? Ni sehemu ya nyumba ya mtu, lakini mpita njia hukaribishwa kuketi. Ipe rangi ya katikati, mgeni ajue kwamba hapo husalimia kwanza.

Halafu linakuja swali gumu kuliko yote. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Je, utaichora ikiwa nzima kwa sababu inapendeza? Huu sasa ni uongo wa aina nyingine. Kupanua kichochoro kunamsaidia msomaji kufika, lakini kuchora mnara usiokuwepo kunamwambia kwamba kila kitu kiko salama. Na si salama: kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji matunzo, maana plasta ikibanduka na paa likivuja, maji hupenya ukutani na kuozesha boriti.

Njia ya haki ni rahisi. Mstari mzima kwa kilichosimama siku ya kuchora, nukta kwa kilichoanguka, na tarehe kwenye kona ya karatasi. Hapo ramani ya watalii inakuwa pia kumbukumbu: atakayechora baada ya miaka kumi atalinganisha na kujua tumepoteza nini.

Unataka kujaribu? Chagua mtaa wako, hata kama si wa kale. Tembea mara mbili bila simu, hesabu kona, weka alama moja kwa kila njia panda. Kisha mpe karatasi mtu asiyeujua mtaa huo, umwache aende peke yake. Akipotea, tazama amepotelea kona ipi. Hapo ndipo pa kurekebisha.